Duara la Wanawake na Huduma ya Kusikiliza: Kitabu cha Musimbi Kanyoro Mbele ya Maungamo Yetu

1. Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kukichunguza kitabu cha Musimbi Kanyoro kiitwacho "Introducing Feminist Cultural Hermeneutics", kilichotolewa mwaka 2002. Jina hilo twaweza kulifafanua kwa Kiswahili kuwa ni utangulizi wa elimu ya kufasiri utamaduni kwa mtazamo wa wanawake wanaotafuta haki yao. Zaidi ya miaka ishirini imepita tangu kitabu hiki kitolewe, nacho kingali kinastahili kusomwa na wachungaji na wanafunzi wa theolojia. Sababu yake ni kwamba kimejengwa juu ya jambo ambalo karibu kila usharika unalo, lakini ambalo theolojia yetu haijalitafakari vya kutosha. Jambo hilo ni wanawake wanaoketi pamoja, wakisoma Neno la Mungu, wakisimuliana mambo yao na kusikilizana.

Desturi yetu ni kulihesabu duara la namna hiyo kuwa ni tawi mojawapo la kazi za usharika. Taarifa ya kikundi cha wanawake inapoletwa mbele ya baraza la wazee, kwa kawaida tunasikia idadi ya washiriki, kiasi cha sadaka, semina zilizofanyika, na wagonjwa waliotembelewa. Mambo hayo yote ni mema. Hatuambiwi ni nani aliyesikilizwa, na pengine ni vema tusiambiwe, kwa maana siri ya mtungi aijuaye kata. Hata hivyo, jambo lisiloingia katika taarifa huelekea kusahauliwa katika mafundisho pia. Mchungaji aweza kumaliza masomo yake yote akijua namna ya kuandaa hubiri na namna ya kuendesha mkutano, asijue ni kitu gani hasa kinachotendeka pale ambapo mama mmoja anasema na wenzake kumi wananyamaza ili wamsikie.

Hoja yetu ni kwamba kusikilizana huko ni huduma ya Injili kwa maana kamili ya maungamo yetu ya Kilutheri, na kwa sababu hiyo yapasa kupimwa kwa kipimo cha Injili. Kanyoro anatusaidia sana kuona thamani ya duara. Tutaonyesha pia mahali ambapo kitabu chake kinatuachia maswali, hasa juu ya wale wasiopata nafasi ya kusema ndani ya duara lenyewe.

2. Asili ya kitabu

Hatuwezi kukielewa kitabu hiki bila kujua kilikotoka. Mwaka 1989, huko Legon, karibu na Accra nchini Ghana, wanawake wanatheolojia kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana na kuanzisha umoja wao ambao kwa Kiingereza unaitwa Circle of Concerned African Women Theologians. Aliyeongoza jitihada hizo alikuwa Mercy Amba Oduyoye, Mmethodisti wa Ghana, ambaye wakati huo alikuwa akitumika katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Walichagua kujiita "duara" kwa kusudi. Katika duara hakuna kiti cha mbele wala cha nyuma, na kila aketiye huuona uso wa mwenzake.

Kanyoro, ambaye ni Mkenya na mtaalamu wa isimu, aliwahi kuwa mshauri wa tafsiri za Biblia kabla ya kuongoza dawati la wanawake katika Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani mjini Geneva. Mwaka 1992 yeye na Oduyoye walihariri mkusanyo wa makala uitwao "The Will to Arise", na mwaka 1996 akachukua nafasi ya Oduyoye ya kuratibu Duara hilo. Kwa hiyo anaandika akiwa mtu wa ndani. Ni mwanachuoni anayezijua ofisi za Geneva, na ni binti wa kijiji anayekijua kisima cha kwao.

Ni jambo la kuzingatia kwamba tangu mwanzo Duara lilijitambulisha kwa Marko 5:41, mahali ambapo Bwana Yesu anamwamuru binti Yairo ainuke. Taarifa ya mkutano wa 1989 ilibeba jina la amri hiyo, na kitabu cha 1992 nacho kinazungumza juu ya nia ya kuinuka. Tutairudia sura hiyo ya Marko hapo mbele, kwa sababu ndani yake mna tukio jingine linalotangulia kuinuka, nalo linahusu kusikilizwa.

3. Msingi katika maungamo yetu

Kabla ya kukipima kitabu, hatuna budi kuweka wazi kipimo tunachokitumia. Katika Makala za Schmalkalden, ambazo Martin Luther aliziandaa kwa ajili ya mkutano wa mwaka 1537, sehemu ya tatu, makala ya nne, Luther anaeleza njia ambazo kwazo Mungu anatupatia Injili yake. Anataja Neno linalohubiriwa, Ubatizo, Sakramenti ya Altare, na mamlaka ya funguo. Kisha anaongeza mazungumzo na kufarijiana kwa ndugu, akiitegemeza kauli yake juu ya ahadi ya Mathayo 18:20. Wasomi wamejadiliana kama kufarijiana huko ni njia ya tano inayosimama peke yake, au ni upande mmoja wa huduma ya funguo. Kwa vyovyote vile, Luther hakukuweka pembeni. Alikuweka ndani ya orodha ya mambo ambayo kwayo Mungu aliye tajiri wa neema huwafikia wenye dhambi na waliovunjika moyo.

Neno la Kilatini alilolitumia Luther hapo linawataja ndugu wa kiume. Lugha yetu ya Kiswahili imetupa neno "ndugu", nalo halimfungii nje dada wala kaka. Mhubiri anaposema "ndugu zangu", mama aliyeketi upande wa kushoto na baba aliyeketi upande wa kulia wote wanajua kwamba wameitwa. Kwa hiyo tunapoyasoma maungamo kwa Kiswahili hatuhitaji kutafuta ruhusa mpya kwa ajili ya wanawake wanaofarijiana. Ruhusa hiyo imo ndani ya neno lenyewe, na mwenye kudai kwamba mazungumzo yao ni porojo za jikoni ndiye anayepaswa kutoa hoja.

Dietrich Bonhoeffer alilichukua wazo hilo katika kitabu chake "Gemeinsames Leben" cha mwaka 1939, alichokiandika baada ya polisi wa siri wa Hitler kuifunga seminari yake ya Finkenwalde mwaka 1937. Anafundisha kwamba huduma ya kwanza tunayodaiwa na wenzetu katika ushirika ni kuwasikiliza, na kwamba asiyeweza kumsikiliza ndugu yake atashindwa hatimaye kumsikiliza Mungu pia. Mafundisho hayo ni mazito, nasi tunayapokea. Lakini ni vema tukumbuke kwamba yalizaliwa katika nyumba ya vijana wa kiume waliokuwa wakijiandaa kwa kazi ya uchungaji. Wote walikuwa takribani wa rika moja na wa cheo kimoja. Bonhoeffer hakuwa na sababu ya kujiuliza itakuwaje ikiwa anayesikiliza ni mama mkwe wa yule anayesema. Swali hilo ni letu, na hapo ndipo kitabu cha Kanyoro kinapokuwa na manufaa.

4. Ubora wa kitabu

Sifa ya kwanza ya kitabu hiki ni kwamba kinaanzia mahali panapojulikana. Kanyoro anatupeleka Bware, kijiji cha kwao magharibi mwa Kenya, na kutuonyesha wanawake wa huko wakikisoma pamoja Kitabu cha Ruthu. Hawakisomi kama wasomi wanaotafuta tarehe na vyanzo. Wanakisoma kama watu wanaoijua njaa, wanaomjua mjane, wanaojua maana ya kuolewa mbali na kwao, na wanaoijua desturi ya mjane kurithiwa na ndugu wa marehemu. Kwao kitabu hicho kidogo kina harufu ya nyumbani, na utamaduni wao wenyewe unaketi nao katika usomaji, wapende wasipende.

Sifa ya pili ni kwamba Kanyoro haupambi utamaduni huo. Theolojia nyingi ya Kiafrika iliyoandikwa tangu miaka ya 1960 ilijitahidi kuutetea utamaduni wetu mbele ya dharau ya wageni, na kazi hiyo ilikuwa ya lazima. Kanyoro anaiheshimu, kisha anauliza utamaduni huo umemtendea nini mwanamke. Kwake utamaduni ni upanga wenye makali kuwili. Unampa mwanamke jina, ukoo, na mahali pa kuzikwa. Huohuo waweza kumnyang'anya mwili wake na mali yake. Tena anakiri wazi kwamba wanawake wenyewe wamo miongoni mwa walinzi wa desturi zinazowaumiza. Kusema hivyo kunahitaji ujasiri, kwa sababu ni rahisi zaidi kuwalaumu wanaume peke yao.

Sifa ya tatu ni kwamba anaiheshimu akili ya watu wasiosoma vyuoni. Wengi wetu tumefundishwa kwamba ufasiri huanza na Kigiriki na Kiebrania, na ya kuwa waumini hupokea matokeo. Kanyoro anatulazimisha kukubali kwamba mjane aliyesimama mbele ya wakwe zake analijua jambo fulani juu ya Ruthu ambalo kamusi haiwezi kutupatia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

5. Wanawake wa Bethlehemu

Sasa tugeukie maswali yetu. Kwa kuwa kitabu chenyewe kimejengwa juu ya Kitabu cha Ruthu, ni haki tukayatafute maswali hayo humohumo.

Katika Ruthu kuna duara la wanawake, ingawa wasomaji wengi hulipita bila kuliona. Naomi anaporudi Bethlehemu katika sura ya kwanza, wanawake wa mji ndio wanaouliza kama huyu kweli ni Naomi. Naye anawamwagia uchungu wake wote. Anawataka wamwite kwa jina la uchungu. Anasema kwamba alitoka akiwa amejaa, na Bwana amemrudisha mtupu. Wanawake hao hawamkemei kwa kumlalamikia Mungu. Hawamhubirii. Maandiko hayatupi jibu lao lolote, bali yanaendelea na hadithi. Katika sura ya nne wanatokea tena, wakimbariki Bwana pamoja na Naomi, na majirani wanampa mtoto jina la Obedi. Hao waliousikia uchungu wakati wa huzuni ndio wanaosema wakati wa furaha. Duara jema lina kumbukumbu. Haliusikii msiba wa mtu siku moja na kuusahau wiki ifuatayo.

Lakini tuangalie tena mistari ya 1:19-22. Naomi anaposema kwamba amerudi mtupu, Ruthu amesimama kando yake. Mwandishi anatukumbusha mara moja kwamba Ruthu Mmoabi alikuwa pamoja naye, kana kwamba anajua kuwa hakuna mtu mwingine aliyemtazama. Wanawake wa Bethlehemu walimsikiliza mzee, mwenyeji, mtu wa kwao. Mkwe mgeni, ambaye naye alikuwa mjane na alikuwa ameacha baba na mama, hakuulizwa neno. Katika kitabu kizima hatusomi popote kwamba Ruthu alizungumza na wanawake hao. Katika sura ya nne wanamsifu kwamba ni bora kuliko wana saba, na sifa hiyo ni kubwa. Hata hivyo wanasema kwamba mtoto amezaliwa kwa Naomi, na Ruthu mwenyewe hasemi lolote katika sura hiyo.

Jambo hili linatufundisha kwamba duara nalo lina upande wa mbele na wa nyuma, hata kama viti vimepangwa kwa mviringo. Katika sharika zetu mama mkwe na mkwe mara nyingi huketi katika kikundi kimoja. Mke wa mchungaji huketi humo, na mke wa mzee wa kanisa, na mwalimu wa shule, na yule binti aliyeolewa juzi kutoka kabila lingine, na mwanamke aliyezaa kabla ya ndoa. Mwenyekiti anapouliza ni nani mwenye jambo moyoni, wote hawana uhuru sawa wa kujibu. Mkwe hawezi kusema kwamba nyumbani hakuna amani huku mama mkwe wake akiwa ameketi hatua tatu kutoka kwake. Adabu yenyewe, ambayo ni mapambo ya jamii zetu, inamfunga mdomo.

Kanyoro anajua kwamba wanawake huzilinda mila. Tungependa angeichukua hoja hiyo hatua moja mbele zaidi na kuliuliza duara lenyewe: katika usomaji wa pamoja, ni akina nani waliokaa kimya, na ukimya wao ulikuwa na maana gani? Uzito wa kitabu chake uko katika yale yaliyosemwa na katika elimu ya ufasiri inayotokana nayo. Mchungaji anahitaji pia kujifunza kuyasikia yasiyosemwa.

6. Aliyekosa na aliyekosewa

Kanisa letu si geni katika jambo la watu kukaa pamoja na kufunguliana mioyo. Uamsho ulioanza Rwanda katika miaka ya 1930 ulivuka mpaka ukaingia Buhaya, na baadaye ukaenea katika sehemu nyingine za nchi, pamoja na Kilimanjaro. Katika mikutano ya Walokole wanawake walisimama na kushuhudia mbele ya wanaume katika siku ambazo baraza la wazee lilikuwa la wanaume watupu. Asiyekumbuka hilo hawezi kuandika kwa haki historia ya sauti ya mwanamke katika makanisa yetu. Tunamshukuru Mungu kwa ajili ya urithi huo.

Hata hivyo, ushuhuda wa Uamsho una umbo lake maalumu. Mtu husimama, hutaja dhambi yake, husema jinsi alivyotakaswa kwa damu ya Yesu, na ndugu humpokea kwa wimbo. Umbo hilo linampa maneno yule aliyekosa. Linampa maneno machache sana yule aliyekosewa. Mama aliyepigwa anaposimama katika umbo hilo, anajikuta akitafuta kosa lake mwenyewe ili apate la kuungama: pengine hasira yake, pengine ulimi wake, pengine kutosamehe. Anaketi akiwa amesamehewa jambo ambalo halikuwa dhambi yake kubwa, na jeraha lake halijatajwa.

Hapa ndipo tunapoona thamani ya pekee ya duara kama Kanyoro anavyolieleza. Linamruhusu mtu kuomboleza kabla ya kuungama. Biblia inalijua jambo hilo, maana zaburi za maombolezo ni nyingi, na katika Waamuzi 11:40 tunasoma kwamba binti za Israeli walikwenda kila mwaka kwa siku nne kumwombolezea binti Yefta, ambaye hakuna mwanamume yeyote katika sura hiyo aliyemtetea. Maombolezo yao hayakumfufua. Lakini yalikataa kwamba kifo chake kiitwe jambo la kawaida.

Kuna kanuni nyingine ya maungamo yetu inayohusika hapa. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika makala za 11 na 25, linafundisha kwamba katika maungamo ya faragha mtu asilazimishwe kuzitaja dhambi zake zote moja moja. Dhamiri isiteswe. Kwa kanuni hiyohiyo tunasema kwamba katika duara mtu asilazimishwe kutaja majeraha yake yote. Yako maduara ambamo kila mmoja hutakiwa kusema kwa zamu, na anayenyamaza huonekana kuwa ana kiburi au imani haba. Hiyo ni sheria mpya iliyovaa vazi la upendo. Aliyenyamaza naye ameshiriki, ikiwa amesikiliza.

7. Maneno yaliyosikika ni mali ya nani?

Swali letu jingine linahusu kazi ya wasomi, na kwa hiyo linatuhusu sisi wenyewe tunaoandika katika majarida. Kitabu cha Kanyoro kimeandikwa kwa Kiingereza, kikatolewa ng'ambo, na kinasomwa hasa katika vyuo. Wanawake wa Bware wamo ndani yake kama chemchemi ya theolojia. Hatumlaumu mwandishi kwa hilo, kwani bila kazi yake tusingezisikia sauti hizo kabisa, naye anarudi kwao kama mtu wa nyumbani. Lakini jambo lenyewe ni la hatari kwa wote wanaomfuata. Mwanafunzi anayekwenda kijijini kuandika tasnifu yake aweza kuketi katika duara akiwa na daftari, akachukua machozi ya watu, akapata shahada, asirudi tena. Alionekana kusikiliza, kumbe alikuwa akivuna.

Wahenga walisema kwamba aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mwosha hapewi kazi hiyo kwa sababu ana mikono mizuri tu, bali kwa sababu midomo yake imefungwa. Mchungaji anajua wajibu wake wa kutunza siri ya maungamo. Wanawake katika duara hawakuwekewa mikono kwa kazi hiyo, lakini kama kufarijiana kwao ni huduma ya Injili, basi siri hiyo inawahusu nao.

Ni hapa tunapopaswa kurudi katika Marko 5. Njiani kuelekea nyumbani kwa Yairo, mwanamke aliyetokwa na damu kwa miaka 12 aliligusa vazi la Yesu akapona. Uponyaji ulikuwa umekwisha kutendeka. Bwana angeweza kuendelea na safari, na Yairo bila shaka alitamani hivyo, kwa kuwa binti yake alikuwa akifa. Lakini Yesu alisimama, akatafuta ni nani, na katika mstari wa 33 mwanamke akamweleza kweli yote. Muda huo ulikuwa na gharama: alipokuwa angali akisema, wakaja watu na habari kwamba binti amekufa. Bwana aliona kwamba mwanamke huyu kusikilizwa ni jambo linalostahili kusubiriwa hata na mkuu wa sinagogi. Amri ya kuinuka katika mstari wa 41 inakuja baada ya hapo.

Mambo mawili yanafuata. La kwanza ni kwamba aliyesema ni mwanamke mwenyewe. Hakuna mwanafunzi aliyemsemea, wala aliyekwenda kuisimulia habari yake kabla yeye hajawa tayari. La pili ni kwamba alisema hadharani, mbele ya umati, akaitwa binti mbele ya umati huo. Kwa hiyo duara la wanawake lisitumike kuwa chumba cha pembeni cha kuhifadhia mambo ambayo usharika hautaki kuyasikia. Njia ya kutoka katika duara na kuingia katika kusanyiko yapasa kuwa wazi, na ufunguo wake yapasa kuwa mkononi mwa yule mwenye habari.

8. Faraja isiyotosha

Bado kuna hatari moja ambayo hatuwezi kuinyamazia. Katika lugha yetu ya faraja neno lililo karibu zaidi na ulimi ni "vumilia". Mama mzee humwambia mdogo wake: vumilia, mwanangu, hata mimi nilivumilia. Analisema kwa upendo, na mara nyingi kwa ushuhuda wa maisha yake mwenyewe. Lakini neno hilo, likisemwa kwa mwanamke anayepigwa, laweza kumrudisha mautini.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata kama mila fulani inasema vinginevyo. Sheria hiyo imekuwako kwa zaidi ya nusu karne. Kama duara halijui hata kwamba iko, basi kusikiliza kwake kuna upungufu. Luther alifundisha kwamba Mungu anautawala ulimwengu kwa mikono miwili, na serikali yenye sheria ni mmojawapo. Kumpeleka mwanamke aliyejeruhiwa hospitali, kwa ofisa wa ustawi wa jamii au polisi, akitaka mwenyewe na akiwa na wenzake wawili wa kumsindikiza, hakupunguzi imani hata kidogo. Mikono yote miwili ni ya Bwana mmoja.

Duara la wanatheolojia lenyewe lilionyesha kwamba linaijua hatari hiyo. Mkutano wake wa mwaka 2002 huko Addis Ababa uliweka mbele suala la UKIMWI, unyanyapaa na mwenendo wa jamii juu ya mwili wa mwanamke, kwa sababu katika miaka hiyo mila ya kumrithi mjane ilikuwa imekuwa njia ya kifo. Waliosikiliza walielewa kwamba baada ya kusikia hawawezi kubaki wameketi.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba Kanyoro ametufanyia kazi njema. Amelitoa duara la wanawake katika safu ya mambo madogo ya usharika na kuliweka mbele ya theolojia. Tumeona pia kwamba yatupasa kuongeza maswali: ni nani asiyesema katika duara, ni nani anayeyachukua yaliyosemwa, na kinafuata nini baada ya kusikia.

Kwa wachungaji na wanafunzi wetu tunapendekeza mambo machache. Kwanza, mahali ambapo kikundi ni kikubwa, kigawanywe ili wakwe na mama wakwe wasilazimike kuketi katika duara moja kila mara, na wageni wapewe mahali ambapo lugha yao na hali yao vinaeleweka. Pili, siri ifundishwe kama somo la imani, na si kama kanuni ya kikundi tu. Tatu, uhuru wa kunyamaza uheshimiwe. Nne, kila duara lijue kituo cha afya, ofisa wa ustawi wa jamii, na mchungaji ambaye mtu aweza kupelekwa kwake usiku.

Hilo la mwisho linagusa jambo la pekee. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania liliamua mwaka 1990 kwamba wanawake waweza kubarikiwa kuwa wachungaji, na wa kwanza walibarikiwa mwaka 1991. Tangu wakati huo wengi wamedhani kwamba suala la kuwasikiliza wanawake sasa ni kazi ya mchungaji mwanamke. Kwa kufikiri hivyo tumemtwika dada yetu mzigo ambao maungamo yanauweka juu ya ndugu wote. Mchungaji mwanamume hawezi kuketi katika kila duara, na mara nyingine ni vema asiketi. Lakini kuna siku mwanamke mmoja atatoka katika duara lile, baada ya kupata nguvu kwa wenzake, na kuja kugonga mlango wa ofisi yake akitaka kusema kweli yote. Siku hiyo huenda mchungaji anawahi kwenye mkutano wa jimbo, na mkuu wa sinagogi wa leo anamsubiri ndani ya gari. Jibu atakalolitoa mlangoni pale litaonyesha kama ameisoma sura ya tano ya Marko.